Mtu Aliyeuliza Nimejifungua Lini

Ng'ombe ndiye aliyesalimiwa kwanza. Mtu huyo alikuwa akiingia bomani kwako, anazima pikipiki kando ya tangi la maji, anakupita wewe uliyesimama na mkono umeshaunyoosha, anaenda moja kwa moja hadi alipofungwa ng'ombe. Alimgusa kiunoni, akamsemesha polepole kwa Kikalenjin, sauti ya mtu anayembembeleza mgonjwa. Ndipo alipotugeukia sisi wenye boma, na hapo lugha ikawa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha kufoka.

"Imezaa lini?"

Si habari ya asubuhi, si watoto hawajambo. Imezaa lini.

Tulimwita Daktari ingawa hakuwa daktari, na yeye mwenyewe alichoka kutukosoa. Kazi yake ilikuwa kupandisha ng'ombe kwa sindano. Nyuma ya pikipiki alifunga mtungi wa baridi kali, ndani yake mbegu za madume ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuwaona, akazunguka nao Kapseret yote, nje ya mji wa Eldoret, na kushuka hadi mtaa wa Langas, ambako mtu hufuga ng'ombe mmoja kati ya ukuta na choo. Kalamu ilikaa sikioni, kitabu kirefu cha jalada gumu kilikaa kifuani ndani ya koti. Humo aliandika kila ng'ombe: wa nani, amezaa lini, amepandishwa lini, arudiwe lini.

Usipojua tarehe, uliondoka na matusi. "Mkulima bila tarehe ni mwizi wa ng'ombe yake mwenyewe," alikuwa akisema. Na kama ng'ombe hajatimiza miezi miwili tangu kuzaa, hata ungepiga magoti, hakumgusa. Nimemwona mzee mmoja wa kanisa akimsihi, ng'ombe analia kutwa anataka dume, naye Daktari anafunga begi lake. "Huyu mwili wake haujarudi. Mwache. Amefanya kazi kubwa." Akawasha pikipiki akaenda zake, mzee amebaki na kamba mkononi.

Alitaka maji moto na sabuni ya kipande, akajisugua hadi begani kabla ya kazi na baada ya kazi, taratibu, kama mtu asiye na haraka ya kwenda popote. Ukimletea maji baridi, aliyamwaga chini mbele yako. Chai alikunywa ya strungi tu, katika nyumba ambazo maziwa yalijaa hadi kwa paka. "Maziwa ni ya ndama na ya watoto," alisema. "Mimi nilishaota meno."

Huyo ndiye mtu ninayetaka kumweleza. Si kwa sababu alikuwa mwema. Mara nyingi hakuwa.

Siku aliyonikasirisha mara ya kwanza, binti yangu Chebet alikuwa na miezi sita na nusu. Mume wangu alimwita kwa ajili ya ng'ombe wetu mweusi. Nilitoka jikoni na ndoo ya maji moto mkono mmoja, mtoto kiunoni mkono mwingine, bado nimevaa nguo za shule kwa sababu nilikuwa nimefika tu kutoka kazini. Daktari alimsemesha ng'ombe, kisha akauliza swali lake.

"Wiki tano," mume wangu akasema.

"Na unaniitia nini? Mwezi ujao." Alikuwa ameshaanza kugeuka, ndipo akaniona. Akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akamtazama mume wangu. "Na huyu mama amejifungua lini?"

Mume wangu akacheka. Alidhani ni mzaha wa wanaume.

"Nauliza. Ng'ombe unajua wiki. Mama je?"

"Chebet ako na miezi... sita? Saba?" Akanigeukia mimi nimsaidie.

"Na mmepanga aje?"

Sikungoja zaidi. Niliiweka ndoo chini kwa nguvu hata maji yakamrukia viatuni, nikaingia jikoni, nikaufunga mlango kwa kishindo. Mimi ni mwalimu. Nimesoma. Mwanamume wa kunusa mkojo wa ng'ombe anasimama bomani kwangu ananiweka kwenye mstari mmoja na mnyama, na mume wangu anacheka! Usiku ule sikumwandalia chakula. Alijipakulia.

Kile ambacho sikukijua, nikiwa nimesimama nyuma ya mlango ule na hasira zangu, ni kwamba nilikuwa tayari na mimba ya mwezi mmoja.

Naomba nieleze hapa, kwa sababu kuna watu hadi leo huniuliza, "Lakini si ulikuwa unanyonyesha?"

Nilikuwa nanyonyesha. Ndiyo. Shule niliyofundisha ilikuwa ya mtu binafsi, na mwenye shule alinipa wiki kumi akaniambia nimshukuru. Sheria inasema miezi mitatu, lakini sheria haikuja kunitetea. Chebet akiwa wa wiki kumi nilimwacha nyumbani na mama mkwe wangu, ambaye tangu mtoto azaliwe tulimwita Kogo, yaani nyanya. Kogo alimpa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, baadaye akamwongezea uji mwepesi wa wimbi, kama alivyolea wanawe. Saa nne asubuhi, watoto wa darasa la nne wakienda mapumziko, matiti yangu yalikuwa mawe. Niliingia choo cha walimu nikakamua maziwa ukutani. Ukutani! Nilisimama na kuyatazama yakiteremka hadi sakafuni, kisha nikachukua maji nikaosha, nisije nikasemwa na mwalimu mwingine. Jioni nikifika nyumbani Chebet alikuwa ameshiba, ananyonya kidogo kwa kucheza, analala hadi asubuhi. Watu walinisifu kwa mtoto anayelala.

Nami kila mtu aliniambia maneno yale yale. Kogo aliniambia, mama yangu mzazi aliniambia, wanawake wa ushirika wa kanisa waliniambia: unanyonyesha, hujaona siku zako, huwezi kushika mimba. Kliniki Chebet alipimwa uzito kila mwezi. Waliandika kwenye kitabu, wakampa chanjo, wakasema haya, rudi mwezi ujao. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza analishwa nini mchana. Hakuna aliyeuliza ninalala na nani. Mtu pekee aliyeuliza alikuwa mtu wa ng'ombe, nami nilimfungia mlango.

Sikuona siku zangu hata mara moja. Ndilo jambo lililonichanganya kabisa. Nilisubiri ile damu kama mtu anayesubiri simu: ikilia ndipo nitajua nimerudi. Haikulia. Chebet alipofika miezi tisa nilianza kutapika nikipika mboga, nikaenda kliniki nikidhani ni tumbo, nikarudi nyumbani nikiwa mjamzito wa miezi mitatu na zaidi.

Hapo ndipo Kogo aliposema mtoto aachishwe. Siku ile ile. "Maziwa ya mimba ni sumu," aliniambia. "Ni ya yule wa ndani. Huyu akinyonya ataharisha, atakonda, atakufa." Hakusema kwa ubaya, alisema akilia, kwa sababu alimpenda Chebet kuliko alivyonipenda mimi. Nami niliyesoma, niliyejifanya kujua, nilijipaka pilipili kwenye chuchu. Mtoto alilia siku tatu. Siku ya nne alinyamaza, akawa ananitazama tu.

Wiki tatu baadaye alianza kuharisha.

Daktari alikuja Jumamosi moja kumpima ng'ombe mweusi, ambaye sasa alikuwa amepandishwa na ilibidi kujua kama ameshika. Niliketi kwenye kibaraza. Kogo alikuwa na Chebet mapajani, amemfunika shuka. Tulimwona Daktari akiutoa mkono, akimpigapiga ng'ombe mgongoni. "Ameshika," akasema. "Hongera."

Alikuwa anajisugua kwa sabuni alipomwona mtoto. Aliacha sabuni ndani ya beseni akaja mkono bado unachuruzika.

"Huyu ana nini?"

"Ni tumbo," Kogo akasema. "Amenyonya maziwa ya mimba kabla tujue. Tumeshamwachisha, itaisha."

"Ya mimba?" Akanitazama. Nami nikatazama chini. Hakusema nilikuambia. Ningelitamani aseme, ningepata cha kumchukia. Badala yake alimgeukia Kogo, na sauti ikaanza kupanda.

"Mama, asubuhi mumekamua huyu ng'ombe?"

"Tumekamua."

"Mumekunywa maziwa?"

"Si tumeweka kwa chai."

"Na ng'ombe iko na mimba! Nimetoa mkono sasa hivi. Mtamkamua mpaka abaki miezi miwili azae, asubuhi na jioni, muuze mjini, watoto wa mjini wakunywe. Nani amekufa? Niambie, Mama, nani Eldoret hii amekufa kwa maziwa ya ng'ombe yenye mimba?"

Kogo alivuta shuka akamfunika Chebet vizuri.

"Hii ya ng'ombe mnampea mtoto. Ya mama yake ndiyo sumu!"

Mume wangu akasema, "Daktari, heshimu mzee."

"Namheshimu. Nimemwita Mama." Kisha akachuchumaa, akalifungua shuka, akaibana ngozi ya tumbo la Chebet kwa vidole viwili, taratibu. Ngozi ilibaki imesimama kama kitambaa. Haikurudi. Aliponyanyua uso hasira ilikuwa imetoka, kumebaki kitu kingine, na mimi niliogopa kuliko wakati alipokuwa anafoka. "Maji imeisha kwa huyu mtoto. Hata ndama siwezi kuacha hivi. Amka, twende."

Alifungua kamba za mtungi wake, akaubeba akauweka kwenye stoo yetu ya mahindi. Nilipanda nyuma ya pikipiki na Chebet kifuani. Njiani ndege ilikuwa inatua uwanjani, imeshuka chini kabisa juu ya mashamba, na nakumbuka kelele yake ilimfanya mtoto afumbue macho, nikamshukuru Mungu kwa ndege.

Siku ile kulikuwa na ng'ombe watatu wanaomngoja upande wa pili wa Kapseret. Hakuwafikia. Wenye ng'ombe walikasirika, na mmoja alikwenda kulalamika ushirika wa maziwa kwamba Daktari siku hizi anabeba abiria.

Hospitalini mjini tulilazwa siku sita. Chebet aliwekewa maji ya mshipa, kisha yale ya kunywa, na siku ya tatu alinivuta blauzi. Muuguzi wa zamu, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, akasema, "Mpe."

"Niko na mimba, sista."

"Naona. Mimba yako iko sawa? Damu hakuna? Mpe. Na chakula pia apate, ni mkubwa."

Maziwa yalikuwa kidogo. Alinyonya hata hivyo, mkono wake umeshika kola yangu. Nililia hadi mwanamke wa kitanda cha pili akaniletea maji.

Ni muuguzi yule aliyeniketisha akanieleza. Kunyonyesha kweli kunaweza kuzuia mimba, aliniambia, lakini mpaka mambo matatu yakutane pamoja. Mtoto awe hajafika miezi sita. Awe ananyonya tu, mchana na usiku, hakuna uji, hakuna maziwa mengine. Na wewe uwe hujaona siku zako. Moja likikosekana, mlango umefunguka, tafuta njia nyingine. Na usingoje damu ikuarifu, kwa sababu yai hutangulia. Unaweza kushika mimba kabla hujaona hata tone.

Dakika tatu. Ilimchukua dakika tatu, na chai yake haikupoa. Nilikaa pale nikihesabu mara nilizopanga foleni ya kliniki, masaa niliyokaa kwenye mabenchi yale nikifukuza nzi usoni mwa mtoto, na hakuna aliyekuwa na dakika tatu. Nilishikwa na hasira ambayo haijanitoka hadi leo, na sina haja itoke.

Nilipotoka nilikwenda kumtafuta Daktari nyumbani kwake nimwombe radhi. Hakuwepo. Alikuwepo mkewe, mwanamke mnene mwenye kucheka, anapukuchua mahindi juu ya gunia. Nilimweleza yote, nikamsifu sana mumewe. Alinisikiliza huku punje zikidondoka, kisha akasema:

"Usimsifu mpaka umalize sifa. Mimi nimezalia huyu mtu watoto watano kwa miaka sita."

Nikamuuliza kama ni Daktari huyu huyu.

"Ndiyo. Huyo huyo wa tarehe. Ng'ombe za watu alikuwa anajua zote. Ukimwamsha usingizini anakuambia ya nani imezaa lini. Mimi nikimwambia nimechoka, anasema nyonyesha tu, ukinyonyesha hutashika. Wa tano akiwa mchanga nilianguka hapo kwa mlango, damu imeisha mwilini. Nikapona. Siku moja ameoga, kitabu kiko juu ya meza. Nikachukua kalamu. Kati ya ng'ombe ya mzee fulani na ng'ombe ya shule nikaandika jina langu. Nikaandika nimezaa lini, mara tano, mstari kwa mstari. Pale pa kuandika apandishwe lini nikaacha wazi. Nikarudisha kitabu kwa koti."

Aliacha kupukuchua.

"Alifungua mbele ya watu, kwa boma ya mtu. Alirudi hapa saa sita mchana, kazi hajamaliza. Akakaa pale kwa jiwe. Jioni nikamwita chakula, hakuja. Kesho yake tukaenda kliniki wote wawili. Ndiyo ameanza kupigia watu kelele." Akacheka tena, akachukua gunzi jingine. "Sasa anajifanya yeye ndiye aligundua."

Ningependa kuishia hapo, mtu aliyeaibishwa akabadilika. Lakini nasimulia nilichokiona.

Mwaka ule ule ushirika wetu wa maziwa ulijadili kama wanawake waandikwe uanachama kwa majina yao. Sisi ndio tuliokamua, sisi ndio tuliobeba maziwa asubuhi hadi kwenye jokofu kubwa la ushirika. Daktari alisimama akapinga. "Boma moja, jina moja," alisema. "Mkianza kugawanya karatasi, mtagawanya na ng'ombe." Nilimtazama nisiamini. Mtu yule yule! Nilimfuata nje nikamuuliza kama mwanamke ana akili ya kuzaa tu, ya kuandikwa hana. Akanijibu kwamba hayo ni mambo mawili tofauti, nikamwambia ni jambo moja, tukaachana kila mtu amenuna. Hakubadilisha kura yake. Wanawake waliandikwa miaka mingi baadaye, bila yeye.

Hata hivyo ni katika ukumbi wa jokofu lile lile, kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka, alipofanya jambo lililomwondoa Kapseret. Walimwita atoe nasaha kuhusu uzazi wa ng'ombe. Alizungumza vizuri kwa muda: chumvi, maji, dalili za ng'ombe anayetaka dume. Kisha akautazama umati, akauliza mwenye ng'ombe aliyezaa mwaka ule anyooshe mkono. Mikono ikajaa. Akawauliza tarehe, mmoja mmoja, nao wakajibu kwa majivuno.

"Sasa mwenye bibi amejifungua mwaka huu. Tarehe?"

Kicheko kidogo. Mikono ikashuka.

"Lini? Ni swali tu. Mtoto ananyonya tu, ama ameanza uji? Bibi ameona siku zake? Hakuna anajua? Ng'ombe unampea miezi miwili na unaniita mimi niangalie. Bibi ulimpea ngapi? Na nani ulimwita?"

Mzee mmoja wa kanisa akasimama akasema Daktari amewaita wake zao ng'ombe. "Sijasema ni ng'ombe," Daktari akafoka. "Nimesema ningetamani muwatunze angalau kama ng'ombe!" Hapo ukumbi ulilipuka. Hata wanawake walikasirika, baadhi yao, na ninaielewa hasira yao maana niliwahi kuwa nayo. Mwenyekiti akamwomba atoke. Akavaa koti.

Nilikuwa mstari wa tatu, Chebet mgongoni, tumbo limefika magotini. Mfano alioutaka nilikuwa mimi. Ningesimama tu, bila hata kusema, ningetosha. Mume wangu alikuwa kando yangu anatazama viatu vyake. Nilisubiri yeye asimame. Baadaye aliniambia alisubiri mimi. Daktari alipita karibu nasi akitoka na hakututazama. Katika hasira zangu zote, ile ninayojionea mwenyewe kwa ajili ya dakika ile ndiyo inayouma zaidi.

Baada ya siku hiyo watu wakaanza kumwita mpandishaji mwingine, kijana mwenye simu kubwa, asiyeuliza chochote. Ukimwita anakuja, ng'ombe awe amezaa jana. Daktari akabaki na wateja wa Langas, kisha tukasikia amehamia upande mwingine wa mji.

Nilijifungua salama, mtoto wa kiume, Kiptoo. Yeye na dada yake wamepishana mwaka mmoja na miezi miwili. Chebet alichelewa kutembea, na kwa miaka mingi alikuwa mdogo kuliko wenzake, nguo zikimpwaya. Leo yuko gredi ya tisa na ananizidi urefu. Kogo, kabla hatujamzika, alimwona mke wa shemeji yangu akinyonyesha wajukuu wengine wawili, kila mara akiwa mjamzito, na hakusema neno la sumu. Mume wangu ana kalenda ukutani. Sikumlazimisha.

Nimemwona Daktari mara moja tu tangu wakati huo, mwaka jana, katika kliniki moja mjini karibu na mtaa wa West Indies. Nilikwenda kubadilisha kile kijiti cha mkononi cha kuzuia mimba. Foleni ya akina mama na watoto wachanga ilikuwa imejaza benchi mbili, na katikati yao, magoti yamebanana na mabegi ya nepi, alikuwa ameketi mzee mwenye kofia, na kando yake mwanamume mrefu wa miaka thelathini hivi aliyeinama juu ya simu kana kwamba anataka kuingia ndani yake.

Nilimsalimu. Alinitazama sana.

"Ng'ombe mweusi, Kapseret," nikamwambia. "Ulimbeba mtoto wangu hospitali."

"Nimebeba wengi," akasema. Hakuwa anajisifu. Hakunikumbuka.

Nilikuwa nimejiandaa miaka kumi na mitatu kumwomba radhi mtu ambaye hanikumbuki. Kabla sijapata maneno, muuguzi kijana alitoka na karatasi akasimama mbele yake.

"Mzee, ni zamu yenu. Mama na mtoto wako wapi?"

"Wako nyumbani. Amejifungua wiki mbili, amelala."

"Sasa nani mgonjwa?"

Akamwonyesha mwanawe kwa kidole gumba. "Huyu."

"Ana shida gani?"

"Hajui kitu."

Benchi zote mbili zikacheka. Mwanawe akasema chini chini, "Baba, tafadhali." Muuguzi naye alitabasamu, akaeleza kwa upole kwamba kina baba hawaonwi peke yao, ni vizuri arudi na mama baada ya wiki nne, waelezwe pamoja.

Mzee akasimama. Alikuwa amekonda na alisimama kwa shida, lakini ile sauti nilikuwa naijua.

"Kila kitu ni mama alete? Mama ameshonwa. Mama anaamka usiku kunyonyesha. Halafu mama apande bodaboda na kidonda, apange laini hapa mpaka saa nane, ndiyo huyu mwanaume mwenye miguu mizima aambiwe maneno yake? Kwa nini? Yeye ndiye anarudi kwa hicho kitanda! Mwambie sasa. Mimi nimejaribu, ananiona mtu wa ng'ombe."

Mtoto mmoja alianza kulia, mama yake akamtolea titi. Muuguzi aliutazama mstari, akautazama mlango, kisha akausukuma wazi na kumwambia yule mwanamume, "Ingia basi. Haraka."

Mzee akaketi. Nilimwambia nilikuwepo siku ile ya mkutano, mstari wa tatu, na kwamba ilinipasa kusimama. Alifikiri kidogo.

"Ulikuwa umebeba?"

"Mtoto mgongoni na mwingine tumboni."

"Basi ungesimama namna gani," akasema, na akageuka kuutazama mlango.

Mwanawe hakukawia. Alitoka na karatasi iliyokunjwa, simu ameitia mfukoni, akabaki amesimama mbele ya baba yake kama mtu aliyesahau alikoegesha gari.

"Kumbe mimba inaweza kuingia kabla hajaona siku zake," akasema. Alimwambia baba yake, lakini kliniki ilikuwa kimya na sauti ikafika mbali. "Hata kama ananyonyesha. Akianza tu kumpa mtoto vitu vingine."

Mwanamke mmoja mwishoni mwa benchi, msichana tu, aliyekuwa na mtoto wa miezi mitano hivi na chupa ya uji imetokeza begini, akainua kichwa.

"Ati nini?"

Mwanamume yule akaona aibu. Alimtazama baba yake amwokoe. Mzee hakumwokoa.

"Rudia," yule msichana akasema. "Umesema nini?"

Wanawake wa benchi ya mbele wakageuka. Wa nyuma wakasogea. Naye, masikio yamemwiva kwa haya, akaikunjua ile karatasi, akaanza upya, kwa sauti.